Chai ya Rangi Chini ya Udzungwa: Historia ya Kikombe cha Mang'ula na Afya ya Mishipa ya Damu

Mang'ula imekaa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya milima ya Udzungwa na bonde la mto Kilombero, kando ya barabara itokayo Mikumi kupitia Kidatu kwenda Ifakara, na kwa sababu ya mahali ilipo imezungukwa na karibu kila kitu kinachoingia katika kikombe cha chai, isipokuwa kimoja. Juu ya safu hiyohiyo ya milima, katika ncha yake ya kusini huko Mufindi, yamo mashamba ya chai ambayo ni miongoni mwa makubwa nchini Tanzania. Chini, mwendo mfupi kuelekea kaskazini, yamo mashamba ya miwa na viwanda vya sukari vya Kilombero. Maji hushuka kutoka msituni mwaka mzima, na kuni kwa vizazi vingi zilitoka msitu huohuo. Kilichokosekana ni maziwa. Upungufu huo, pamoja na njia ndefu iliyopitwa na majani na sukari, ndio unaoeleza kwa nini watu wa bonde hili walizoea chai ya rangi, yaani chai isiyotiwa maziwa, na habari zake zinapaswa kutangulia swali ambalo watafiti wa moyo wamelishughulikia tangu miaka ya 1990, kwamba chai nyeusi huifanyia nini mishipa ya damu. Swali hilo huulizwa mara nyingi kana kwamba chai ni kinywaji kimoja duniani kote, ilhali kila mahali historia imepika chai yake, na mishipa ya mnywaji hupokea chai hiyo iliyopikwa pale alipo na si nyingine.

Chai si kinywaji cha kale katika bonde la Kilombero. Wandamba, ambao waliishi kwa uvuvi na kilimo cha mpunga kandokando ya mito, pamoja na Wapogoro, Wambunga na Wabena, walianza siku kwa uji, kwa kiporo cha chakula cha jana, au kwa togwa, kinywaji cha nafaka kilichochachuka kidogo. Arthur na Geraldine Culwick, waliochapisha mwaka 1935 kitabu chao juu ya Wabena wa bonde hilo, waliwakuta watu ambao maisha yao yalifungamana na mafuriko ya mto, mpunga na samaki, na katika uchumi wa namna hiyo, ambamo fedha taslimu zilikuwa chache na kodi ilizimeza zile zilizopatikana, pakiti ya majani ya chai ilikuwa bidhaa ya dukani iliyowahusu zaidi watumishi wa serikali, walimu, watu wa misheni na wafanyabiashara.

Mmea wenyewe ulikuwa umeshafika nchini. Wajerumani waliujaribu katika taasisi yao ya utafiti wa kilimo huko Amani, kwenye milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, lakini kilimo chake cha kibiashara kilianza chini ya Waingereza katika miaka ya 1920, Usambara na katika nyanda za juu za kusini, Mufindi na Rungwe. Vita ya Pili ya Dunia ilipozuka, mashamba ya walowezi wa Kijerumani huko Mufindi yalichukuliwa kuwa mali ya adui, na kampuni ya Kiingereza ya Brooke Bond ikaja kuwa mwendeshaji mkuu wa chai ya eneo hilo. Hata hivyo ujirani wa mlima haukuwa na maana kwa mnywaji aliyeishi bondeni. Majani yaliyochumwa juu ya ukingo wa Mufindi hayakushuka moja kwa moja hadi Mang'ula, kwa kuwa yalikusudiwa kuuzwa ng'ambo, na baada ya mwaka 1956 mnada wa chai ya Afrika Mashariki uliendeshwa Nairobi, kisha ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Yaliyorudi bondeni yalirudi yakiwa yamepakiwa, na mara nyingi yalikuwa madaraja ya chini, yale ya vumbi la chai, ambayo huiva upesi, hutoa rangi kali na humwezesha mpishi kupata vikombe vingi kwa majani machache. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini vumbi la chai huachia dutu zake majini haraka na kwa wingi kuliko jani zima, kwa hiyo kikombe cha maskini, kwa upande huo, hakikuwa dhaifu.

Kuhusu maziwa, chanzo cha habari ni ndorobo. Mbung'o huyu, ambaye huwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana na binadamu ugonjwa wa malale, alitawala misitu na mbuga za bonde kiasi kwamba ufugaji wa ng'ombe ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na ule wa Uhehe au wa nyanda za kati. Malale yenyewe ndiyo yaliyoufanya utawala wa kikoloni, katika miaka ya 1940, kuwakusanya watu wa wilaya ya Ulanga katika makazi ya pamoja yaliyofyekwa, hatua iliyobadili ramani ya vijiji vya bonde kwa namna ambayo bado inaonekana. Ndorobo huyohuyo, pamoja na papasi aenezaye homa ya vipindi, alikuwa miongoni mwa mambo yaliyomvuta Ifakara mwanazuolojia wa Uswisi Rudolf Geigy, aliyefika kwa mara ya kwanza mwaka 1949 na kuanzisha huko mwaka 1957 maabara ya uwandani ya Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Uswisi, karibu na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo ni mojawapo ya taasisi kubwa za utafiti wa afya barani Afrika. Mwanahistoria wa chai hawezi kupita hapa bila kutua, kwa sababu mdudu mmoja aliliacha bonde bila maziwa na wakati uleule akaliletea wanasayansi, na kizazi cha baadaye cha wanasayansi hao ndicho kilichokuja kupima shinikizo la damu la wanywaji wa chai ya rangi.

Kilichoifanya chai kuwa kinywaji cha kila nyumba Mang'ula ni mshahara, na mshahara ulikuja na reli. Baada ya Tanzania, Zambia na China kutia saini makubaliano mwaka 1967, ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza rasmi mwaka 1970, na Mang'ula ikawa mojawapo ya kambi kuu za ujenzi, yenye karakana kubwa iliyoihudumia njia na ambayo baadaye iligeuzwa kuwa kiwanda cha mitambo na zana. Maelfu ya vijana kutoka sehemu mbalimbali za nchi walifika kufanya kazi ya zamu, na kazi ya zamu huhitaji kinywaji cha moto alfajiri, kinachopikika upesi na kunyweka kabla ya king'ora, tofauti na uji unaokorogwa na kusubiriwa. Wataalamu wa Kichina nao walikuja na desturi yao ya kunywa chai bila maziwa wala sukari, ingawa ya kwao haikuwa ile iliyozoeleka madukani. Sehemu ya gharama za ndani za ujenzi ililipwa kwa fedha zilizopatikana kutokana na mauzo ya bidhaa za Kichina, hivyo reli hiyo, hata kabla ya treni ya kwanza kupita, ilileta bondeni fedha na bidhaa za dukani kwa pamoja. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976, operesheni ya vijiji ilikuwa imeshawapanga watu kando ya njia, na treni ya masafa mafupi ambayo wenyeji waliiita Kipisi ikawa soko linalotembea: wanawake walipanda na mchele, ndizi na matunda, wakashuka na chumvi, sabuni, majani ya chai na sukari. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyekusanya masimulizi ya wakazi wa ukanda huu kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 2009, ameonyesha jinsi biashara hizo ndogo zilivyozijenga upya kaya za bondeni, na chai ilikuwa sehemu ya ujenzi huo.

Pembeni ya stesheni na kambi wakaketi mama lishe, na mikononi mwao chai ya rangi ilipata umbo lake la kudumu. Maji huwekwa jikoni katika sufuria kubwa, hutiwa tangawizi iliyopondwa au mchaichai uliokatwa nyuma ya nyumba, na wakati mwingine iliki au mdalasini. Yakichemka hutiwa majani, na mchanganyiko huo huachwa uendelee kutokota juu ya moto kwa dakika kadhaa, si kufunikwa tu na kungojwa kama ilivyo kwa wale wanaolimiminia jani maji ya moto ndani ya birika. Kisha sukari hutiwa humohumo sufuriani, na chai huchujwa ndani ya chupa ya chai, tayari kwa kuandamana na vitumbua vya unga wa mchele wa Kilombero, maandazi, mihogo ya kuchemsha au magimbi. Kwa kuwa sukari hutiwa na mpishi, mnywaji hana kauli juu ya kipimo chake, na anayeiona chai si tamu ya kutosha huongeza, lakini hakuna awezaye kupunguza.

Sukari hiyo ilikuwa ya nyumbani. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960, kiwanda chake cha kwanza kikaanza kazi katika miaka ya mwanzo ya uhuru, kampuni ikawa mali ya umma baada ya Azimio la Arusha, kiwanda cha pili huko Ruembe kikafunguliwa mwaka 1976, na mwaka 1998 sehemu kubwa ya hisa ikauzwa kwa wawekezaji wakiongozwa na Illovo ya Afrika Kusini. Wakulima wadogo wa Sanje, Msolwa na vijiji vya jirani waligeuka kuwa wakulima wa miwa wanaoiuzia kampuni, na baadhi ya mashamba ya mpunga yakawa mashamba ya miwa. Hata hivyo ukaribu wa kiwanda haukuwa dhamana. Katika miaka ya kati ya 1979 na 1984, vita vya Kagera, ughali wa mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilipoifilisi nchi, sukari iligawiwa kwa foleni na kwa vibali, na ikawa miongoni mwa bidhaa zilizotafutwa katika msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine mwaka 1983. Wale waliokunywa chai bila sukari katika miaka hiyo waliiona kuwa alama ya dhiki, na si ajabu kwamba shehena ziliporudi madukani baada ya biashara kufunguliwa, utamu wa chai ukawa kipimo cha ukarimu: kumpa mgeni chai isiyokolea sukari kulionekana kumnyima heshima yake.

Wakati desturi hiyo ikikomaa, elimu ya mishipa ya damu ilikuwa ikigeuka kabisa katika maabara za mbali. Mwaka 1980 Robert Furchgott na msaidizi wake walionyesha kwamba mshipa wa damu wa sungura hulegea kwa kichocheo fulani iwapo tu utando wake wa ndani haujakwanguliwa. Utando huo, uitwao endotheliamu, ni tabaka moja tu la seli linalogusana na damu, na kabla ya hapo ulidhaniwa kuwa bitana isiyo na kazi kubwa; kumbe seli zake hutoa gesi, oksidi ya nitriki, inayoiamuru misuli ya mshipa ilegee ili njia ya damu ipanuke. Ugunduzi huo uliwapa Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998, na ulitoa njia ya kuupima mshipa kabla haujaharibika. Mtu hulazwa, mkono wake hubanwa kwa mkanda wa kupimia presha kwa dakika tano hivi mpaka damu isimame, kisha mkanda huachiwa ghafla, na mashine ya altrasaundi hutazama ateri ya mkono inavyopanuka damu irudipo kwa kasi: utando wenye afya huupanua mshipa vizuri, ule uliochoka hautikisiki sana.

Chai iliingia katika kipimo hiki kwa sababu ya flavonoidi, kundi la dutu za mimea ambazo jani la chai limejaliwa kwa wingi. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1993 ulikuwa umewafuatilia wanaume 805 wazee wa mji wa Zutphen na kukuta kwamba waliokula na kunywa flavonoidi nyingi, ambazo kwa sehemu kubwa zilitoka kwenye chai, walikufa kwa nadra zaidi kutokana na maradhi ya moyo. Katika utengenezaji wa chai nyeusi jani husagwa na kuachwa lipigwe na hewa, nazo katekini zake, ambazo ni aina ya flavonoidi, huungana na kuwa theaflavini na dutu nyingine kubwa zaidi zinazoipa chai wekundu na ukali wake. Je, baada ya mageuzi hayo, faida ilibaki? Mwaka 2001 watafiti wa Boston, katika jarida la Circulation, walitoa matokeo ya wagonjwa 50 wa ateri za moyo waliokunywa chai nyeusi na maji kwa vipindi tofauti: saa mbili baada ya mililita 450 za chai, na tena baada ya majuma manne ya mililita 900 kwa siku, ateri zao za mkono zilipanuka vizuri zaidi kuliko walipokunywa maji, na kafeini peke yake haikuleta badiliko hilo. Mwaka 2012 watafiti wa Australia waliowafuatilia watu 95 kwa miezi sita waliona kwamba vikombe vitatu vya chai nyeusi kwa siku vilishusha shinikizo la juu la damu kwa milimita 2 hadi 3 za zebaki. Haifai kusahau kwamba baadhi ya majaribio ya namna hii yaligharimiwa na Unilever, kampuni iliyoinunua Brooke Bond mwaka 1984 na hivyo kuwa mmiliki wa mashamba ya Mufindi. Ufadhili huo haubatilishi vipimo, lakini msomaji ana haki ya kuujua.

Jaribio linaloligusa bonde la Kilombero kwa karibu zaidi lilifanyika Berlin, katika hospitali ya Charité, na kuchapishwa mwaka 2007. Wanawake 16 wenye afya, waliokwisha kukoma hedhi, walipewa kwa siku tofauti nusu lita ya chai nyeusi, nusu lita ya chai hiyo yenye maziwa sehemu moja kwa kumi, na maji ya moto. Chai tupu iliipanua ateri. Chai ya maziwa haikufanya tofauti na maji. Watafiti walieleza kwamba kaseini, protini kuu ya maziwa, hushikamana na katekini na kuzizuia zisifanye kazi. Tafiti nyingine zimepinga maelezo hayo kwa kuonyesha kwamba katekini huingia katika damu hata chai ikiwa na maziwa, na uchunguzi mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2022, uliohusu watu karibu 500,000, ulikuta wanywaji wa chai wakiwa na hatari ndogo kidogo ya kufa, wawe wanatia maziwa au la. Mjadala huo umebaki wazi, lakini kwa Mang'ula uzito wake ni wa pekee: iwapo watu wa Berlin walikuwa sahihi, basi ndorobo, bila kukusudia, aliwaachia watu wa bonde chai ya aina inayofaa mishipa, na kuja kwa mifugo ya Wasukuma, Wamaasai na Wabarabaig katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 kulileta maziwa katika vikombe ambavyo havikuyahitaji. Kuondolewa kwa sehemu kubwa ya ng'ombe hao bondeni katika operesheni ya mwaka 2012 kulifanywa kwa ajili ya ardhi oevu, na hakuna aliyefikiria chai.

Faida hiyo, hata ikikubaliwa yote, haifiki kinywani peke yake. Kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja kwa kumi ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na ikiwezekana nusu yake; mtu anywaye vikombe vitatu vyenye vijiko vinne kila kimoja anafikia kikomo cha juu kabla ya kula chochote kingine, na sukari nyingi ya mfululizo ni miongoni mwa mambo yanayoelekeza kwenye unene na kisukari, ambavyo vyote huuchosha utando wa mishipa. Kuna pia suala la madini ya chuma. Dutu zilezile za chai zinazosifiwa kwa ajili ya mishipa hushika chuma kilichomo katika mboga na nafaka na kukizuia kisifyonzwe, endapo chai itanywewa pamoja na chakula. Ifakara inajua thamani ya chuma kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa jaribio lililofanyika huko kwa watoto wachanga 832, na kuchapishwa mwaka 1997, lilionyesha kwamba kuwapa matone ya chuma kulipunguza upungufu mkubwa wa damu katika eneo ambalo malaria nayo huiharibu damu. Mtoto wa bondeni anayenyweshwa chai ya rangi na kipande cha muhogo asubuhi hapati kinga ya ateri anayoihitaji mtu wa miaka 60. Anapoteza chuma anachokihitaji yeye.

Hali ya kuni nayo inahusika. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, makao makuu yake yakiwa Mang'ula, na kwa karibu miaka 20 wanawake wa vijiji vya mashariki waliruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi kwa siku maalumu, hadi ruhusa hiyo ilipokomeshwa mwaka 2011. Wengi waligeukia mkaa, miti ya kupandwa na mabaki ya shambani, na nyumba zenye uwezo zikaanza kutumia gesi. Moshi wa jikoni hubeba chembe ndogo sana zinazopenya mapafuni na kuufikia utando wa mishipa, hivyo mwanamke aliyeinamia mafiga kila alfajiri ili familia ipate chai amekuwa akivuta kilicho kinyume cha anachokunywa.

Yote haya yangekuwa mambo ya pembeni kama maradhi ya mishipa yangekuwa machache bondeni, lakini sivyo. Takwimu za vifo zilizokusanywa kati ya 1992 na 1995 Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, na kuchapishwa mwaka 2000, ziliwashtua wengi kwa kuonyesha kwamba vifo vya kiharusi, yaani kupooza kunakosababishwa na mshipa wa ubongo kuziba au kupasuka, vilizidi vya Uingereza kwa watu wa rika moja, mijini na vijijini, na sababu iliyotajwa mbele ni presha isiyotibiwa. Kliniki ya magonjwa sugu ya Ifakara, iliyoanza kwa ajili ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI katika wilaya za Kilombero na Ulanga, imejikuta ikipima na kutibu presha kama kazi ya kila siku, na Ifakara pamoja na Lesotho zimekuwa vituo vya jaribio la kulinganisha namna za kuchanganya dawa za presha kwa wagonjwa wa Kiafrika. Kidonge kimoja cha kawaida cha presha hushusha shinikizo la juu kwa karibu milimita 9, mara tatu au zaidi ya kile ambacho miezi sita ya chai nyeusi ilikifanya Australia, na kwa mgonjwa wa Mang'ula anayepanda basi kwenda Ifakara kuchukua dawa zake za mwezi, chai ya rangi isiyo na sukari nyingi inaweza kuwa mwenzi wa kidonge hicho, lakini si mbadala wake.